Pua Niliyoipeleka Pinga

Mlisema sitavuka Sake. Msikatae. Mlisemea mlangoni kwangu, na mlango wangu ni wa mbao nyepesi, nami nilikuwa ndani nimelala, kazi ninayoijua kuliko zote. Sasa nimerudi, nimeoga, nimekula, na kila anayepita hapa Kirotshe anasimama na kuuliza, "Papa Furaha, ilikuwa namna gani?" Nimechoka kusimulia kwa mdomo, maana kila mara yuko mmoja anayecheka kabla ya mahali pa kuchekea. Nimeandika. Someni, mcheke kwa mpango.

Kwa wasionijua: mimi ni mchoraji wa vibao. Kile kichwa kilichonyolewa ukutani kwa kinyozi, nyoka na kikombe vya duka la dawa, samaki anayetabasamu kwenye mgahawa wa kando ya ziwa, hao wote ni wangu. Nilimaliza sekondari, nikachukua diploma, nikarudi nyumbani, na sijaona sababu ya kutoka tena. Tumbo langu ni la kubembelezwa. Likikosa uji wa Mama Furaha asubuhi, linanung'unika mpaka jioni. Ninyi mnauita uvivu. Mimi sikuwa na jina la kuuita mpaka Sista mzee, yule Muitalia aliyekuwa akifundisha wasichana kushona hapa, aliponifungulia kitabu chake cha picha.

Humo nilikutana na mchoraji wa kwao, wa zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Jina lake sitaliandika, kwa sababu kila nilipojaribu kulitamka Sista alicheka hadi miwani ikamwanguka. Mimi namwita Papa Salade. Alizaliwa katika mji mdogo juu ya vilima, akaenda Roma akiwa kijana, akapaka rangi vizuri kupita wenzake, na wenzake, ndivyo watu wa zamani walivyosimulia, wakamtilia sumu katika salade. Hakufa. Alirudi kwao na tumbo lililoharibika, na tangu hapo hakutoka tena. Alifanya kazi kidogo asubuhi, kidogo jioni, na katikati aliumwa. Wafalme walimwita, hakwenda. Wakataka picha, akawaambia wangoje, nao wakangoja miaka. Niliposikia hayo nilimwambia Sista, "Huyu ni ndugu yangu."

Sasa, katekista wa kapela moja, kanisa dogo la Pinga, alikuja kumtibisha mama yake katika hospitali yetu. Alipita kwangu akaona mchoro niliokuwa najaribu kuufuata kitabuni: Familia Takatifu wamepumzika njiani, wakati wa kukimbilia Misri. Maria ameinama anachota maji kijitoni, Yosefu anamshushia mtoto tawi lenye matunda.

"Hii njo picha yetu," katekista alisema. "Kule kwetu kila muntu alishakimbia na akarudi. Lakini tuliporudi, hatuikalake tena ku benchi moja. Hawa upande huu, bale upande ule. Utuchoree hii, kubwa, tuiangalie sote."

Nilichora msimu mzima wa mvua. Matunda ya Papa Salade ni madogo mekundu ya huko kwao. Mimi nikaweka mapera. Kuhusu nyuso nilifuata desturi yake. Yeye alikuwa akitoka uwanjani kutazama sura za watu wa mji wake, kisha anazitia katika picha takatifu, na kila aliyekaa ili achorwe, yeye alimuuliza kwanza kama mkao haumuumizi. Mimi uwanjani sikwenda, ni mbali. Nilitazama jikoni. Maria wangu ana sura ya Mama Furaha, mke wangu, kuanzia paji la uso mpaka kidevu.

"Shingo inaniuma," aliniambia siku ya kwanza ya kuinama na kibuyu, "na hauniulize."

Picha ilipokauka, nilitaka kuitoa kwa dereva yeyote aipeleke. Mama Furaha akakataa. "Sura yangu haiende Pinga peke yake kama muzigo ya makala ya kupikia. Enda nayo. Wakiipokea, uitundike wewe mwenyewe. Wakiikataa, urudi nayo vile iko. Usinibadilishe kule nikiwa siko."

Hayo ndiyo yaliyonitoa nyumbani. Wala si ujasiri.

Kirotshe mpaka Sake

Picha niliiviringisha nikaisukuma ndani ya tuyau ya plastiki, zile za kupitishia maji, nikaziba ncha zote mbili kwa kitambaa na mpira. Shukuru, motari aliyekubali kunichukua mpaka mwisho, aliifunga ubavuni mwa moto yake, ndivyo tunavyoiita pikipiki, halafu akanifunga mimi nyuma kwa maneno.

"Papa, usinishike kifuani namna hiyo. Siko mwenzi wako."

"Nashika vile naweza."

"Bado hatuyatoka Kirotshe, Papa. Moto iko imesimama."

Nilimwambia twende polepole. Akaenda polepole hadi mwisho wa nyumba, basi. Ziwa lilikuwa kulia kwangu na sikuliona, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Tuliposimama kuweka hewa katika gurudumu, ili nisionekane mwoga, nilianza kumsimulia habari za Papa Salade: alivyokwenda Roma, alivyopewa kazi ya kupaka rangi dari za nyumba ya Papa mkuu, alivyopendwa, na alivyowekewa kile kitu katika majani ya salade.

Shukuru akazima moto kabisa. Alivua kofia.

"Pole sana, Papa. Sikujua. Na mulishajua ni nani alimupa karuho?"

Karuho, kwa wasomaji wa mbali, ni sumu yetu ya hapa. Inakuja katika kikombe cha rafiki na haina haraka. Ndiyo maana kwetu anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Nilitaka kumweleza kwamba Papa Salade si mtu wa familia yangu, lakini alikuwa ananitazama kwa huruma nyingi, na tangu pale akaanza kuendesha polepole kweli. Nikanyamaza. Mngekuwa ninyi mngenyamaza pia.

Sake tulikula sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, na bugali wa moto. Mlisikia? Sake. Nikavuka.

Sake mpaka Kitchanga

Njia inapanda, baridi inashuka. Vilima vile vya Masisi ni vizuri kwa mtu anayevitazama akiwa amekaa kwenye kiti. Nilivikumbuka katika kitabu cha Sista: nyuma ya Maria na nyuma ya watakatifu, Papa Salade aliweka vilima vya kwao na jumba la mkubwa wa mji wake, kana kwamba mambo yote ya Biblia yalitokea pale dirishani kwake. Hakuona sababu ya kwenda kutafuta Misri.

Kabla ya kufika Kitchanga mvua ilitukamata, tukakimbilia chini ya bati la nyumba moja kando ya njia. Hatujamaliza kukamua nguo, wakaja wamama. Wawili kwanza, kisha wengi, na ndoo zao vichwani. Hawakunitazama mimi. Walitazama tuyau.

"Karibuni," alisema mmoja mwenye sauti ya mkutano. "Mutaanzia wapi?"

"Kuanzia nini, Mama?"

"Robinet, bomba ya maji. Balikuja bengine mwaka ule, bakapima. Bengine bakaja, bakapiga picha. Nyinyi ata muko na tuyau yenyewe. Ni hatua."

Nilijaribu kusema mimi ni mchoraji wa vibao. Akasema vizuri, kibao pia kitahitajika, lakini maji kwanza. Akaniita nimfuate. Shukuru, mwenye dhambi yule, akasema, "Enda, Papa, bakuonyeshe." Nikatembezwa katika matope mpaka chemchemi, nikaonyeshwa inapotoka, inapochafuka ng'ombe wanapopita, na mahali ambapo mtoto wa mtu aliteleza. Niliitikia kwa kichwa kama injinia. Nilijisikia vibaya, nikarudi, nikafungua ile tuyau mbele yao wote na kuinyosha picha juu ya meza ya mwenye nyumba.

Yule mama wa sauti ya mkutano aliinama akamtazama Maria na kibuyu chake, pale kijitoni.

"Na huyu ni mama ya Mungu?"

"Ndiye."

"Kumbe ata yeye iko anachota tu kama siye. Hawakumuletea robinet."

Wakacheka, lakini cheko la kuchoka. Tulipewa viazi na jibini ya pale pale, na nilipoaga aliniambia nikifika huko mbele niwaambie wakubwa. Wakubwa gani, hakusema. Ninawaambia ninyi.

Kitchanga mpaka Kalembe

Tulipita Mweso tukala maharage na makemba, ndizi za kupika. Nilitaka kulala palepale juu ya meza. Shukuru alisema tukilala hapo kesho mto utakuwa umejaa. Mimi nilisema mto ukijaa ni dalili njema kwamba turudi. Tukaendelea.

Kalembe ndiko Masisi inapomalizikia na Walikale inapoanza, na ndiko moto ilipoamua kupumzika. Mnyororo ulikatika mbele ya nyumba ya mama mmoja anayeitwa Mama Riziki, mkulima wa mihogo, mjane, mwenye macho ya kukupima uzito. Alitutolea mandale, pombe ya ndizi, akaionja kwanza yeye mwenyewe kama desturi, akanipa. Nikakataa kwa sababu ya tumbo. Akachukia.

"Nimeonja mbele yako. Unaniona kuwa nani?"

"Siyo hivyo, Mama. Ni tumbo."

Shukuru, akiwa chini anapigana na mnyororo, akaona vyema kunitetea. "Musamehe, Mama. Kwao kuna jambo. Muzee wabo alipewa karuho. Ku salade."

Hasira ya Mama Riziki ikageuka papo hapo. Alinisogezea kiti. Alitaka kujua dalili zote. Je, anatapika akila? Nikasema ndiyo, kitabu kinasema hivyo. Analala vibaya, anaota ndoto mbaya? Ndiyo. Anaweza kazi? Kidogo asubuhi, kidogo jioni. Alitikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuona nyingi za namna hiyo, akaingia nyuma ya nyumba, akarudi na fungu la majani na mizizi iliyofungwa kwa kamba ya mgomba.

"Achemushe, akunywe, atapike yote. Asichanganye na maziwa. Na pale anapokaa, asikule tena kwa batu."

Hapo nikashindwa. "Mama, alishakufa."

"Wee! Lini?"

"Zaidi ya miaka mia nne. Alikuwa Muitalia. Mchoraji. Alirudi kwao, akaishi na ile sumu tumboni kwa makumi ya miaka, akapaka rangi mpaka uzee, akafa akiwa na picha ambazo hajamaliza."

Shukuru aliacha mnyororo. Alinitazama kama mtu aliyevua kofia bure tangu Kirotshe, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini Mama Riziki hakucheka wala hakuona ajabu.

"Unaona sasa? Hiyo njo karuho. Inachukua wakati wake."

Akalirudisha fungu mkononi mwangu. "Basi kunywa weye. Tumbo yako naisikia kutoka hapa."

Nilikunywa. Yaliyofuata sitayaandika, maana wengine mnasoma wakati wa chakula. Lakini kesho yake nilikula mihogo na sombe yake, yale majani ya mihogo ya kupondwa, sahani nzima, na tumbo likanyamaza kama mwanafunzi mbele ya prefe, mkuu wa shule. Mama Furaha msimwambie.

Kalembe mpaka Pinga

Shukuru hakunisemesha mpaka kilima cha tatu. Kisha akasema kwa mgongo, "Miaka mia nne. Nilimuombea yule muntu." Nikamwambia sala haipotei. Akasema petroli ndiyo inapotea.

Njia ile si njia. Ni makubaliano kati ya matope na mawe. Tuliisukuma moto mara nyingi kuliko ilivyotubeba. Msitu unakaribia pande zote mbili, watu wanatoka ndani yake na mizigo ya mchele na mafuta ya mawese, wanakusalimu vizuri, wanaingia tena. Mimi, ambaye nikipita soko la Kirotshe nahesabu nimesafiri, nilikuwa nimepakaa matope mpaka kwenye meno.

Kwa kuwa ukweli ulikwisha kutoka, Shukuru alitaka kujua yote. "Na bale bafalme, bakaacha kumuita?"

"Hawakuacha. Mmoja alituma watu, mwingine akatuma barua, mwingine alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Akawaambia hali yake ni mbaya, haendi popote. Wakiitaka picha, wangoje."

"Na yeye alikuwa mugonjwa kweli, ao alikuwa mujanja?"

Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Tulisukuma kidogo. "Vyote viwili," nilisema.

"Kama weye."

Mbele kulikuwa na kamba imekatisha njia, na vijana wanaokagua wapitao. Walitaka kujua kilicho ndani ya tuyau. Nikafungua. Mmoja wao alikaa anamtazama Maria usoni muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Huyu mama ni wa wapi?" akauliza.

Shukuru alinitangulia. "Wa Betlehemu, chef. Iko anakimbia."

Kijana akafikiri. "Basi apite," akasema, na kamba ikashuka. Nilicheka mpaka tulipopita kona. Sikujua kwamba swali lile lilikuwa limetutangulia Pinga, limeketi, linatungojea.

Pinga

"Papa, umefika kweli!" alisema katekista, kwa mshangao ulioniudhi kidogo. Alitupa maji ya kuoga, wali, na samaki wa mtoni. Jioni tuliinyosha picha juu ya mabenchi ya kapela, watu wakaja, wakaangalia. "Muzuri." "Aksanti." Kimya. Nikadhani ni kimya cha ibada.

Asubuhi alikuja mzee tuliyemwita Papa Prezida, kwa sababu ndiye mkubwa wa baraza la kapela. Aliniuliza nililalaje, tumbo likoje, njia ilikuwaje, watoto, mazao ya Kirotshe. Nikajua jambo ni zito.

"Picha ni muzuri," alisema. "Yosefu ni muzuri. Mutoto ni muzuri. Mapera yale, mate imenitoka. Sasa kuko kakitu kadogo." Akajigusa katikati ya uso. "Hapa. Iko mulefu kidogo. Iko kama ya batu fulani. Unaweza kuipunguza?"

Watu fulani, yaani kabila lile lingine. Kwetu hakuna asiyejua maana ya watu fulani, na hakuna anayewataja. Inategemea tu msemaji anakaa benchi la upande gani. Nilisema nitafikiri.

Mchana alikuja kiongozi wa kora, kwaya ya kapela, na wamama wenzake, wa benchi la pili. Alileta maparachichi. Aliniuliza nililalaje.

"Picha ni muzuri," alisema. "Lakini kuko kakitu. Ile pua, Papa. Iko mupana. Iko kama ya batu fulani. Kama ungeibana kidogo pande hizi?"

"Mama, asubuhi nimeambiwa ni ndefu."

"Nani alisema? Bale?" Akawatazama wenzake. "Baliona ile banataka kuona."

Nilikaa chini na maparachichi yangu. Pua ile ninaijua. Naiona kila asubuhi ikinusa chungu kama uji umeshika chini, naisikia ikikoroma, ingawa mwenyewe anakana. Na sasa watu wazima wanaomsalimu Maria kila jioni walikuwa wanataka kuikata, hawa kwa urefu, wale kwa upana. Katekista alikuja akiwa amekunja mikono. Aliniomba nifanye tu jambo lolote, hata kivuli. Walikwisha kugawanyika mwaka uliopita kwa ajili ya lugha ya nyimbo za kora, na tangu hapo nusu ya kapela inaimba na nusu inatazama nje. "Wakikosana tena kwa hii, batajenga kapela mbili. Ao basi, utuambie tu huyu mama ni wa batu gani. Tujue. Pengine itatuliza."

Mimi si mtu wa ugomvi. Ugomvi unahitaji kusimama. Lakini nilisimama.

"Miye sibadilishe," nilimwambia, "na sisemi."

Nikaichukua picha, nikaishikiza ukutani mbele ya altari pale palipokuwa na misumari tayari, nikaleta mkeka wangu, nikakaa chini yake. Kukaa ndiyo kazi yangu. Kuna watu wanaweza kuandamana, kuna wanaoweza kupiga kelele redioni. Mimi naweza kukaa mahali mpaka wanaonizunguka waanze kunipitia na kufagia. Papa Salade alikaa hivyo maisha yake yote na wafalme wakashindwa. Papa Prezida wa Pinga ni nani?

Wakaja wote, mabenchi yote mawili, wamejaa hasira ya heshima.

"Papa Furaha," alisema Papa Prezida, "siye njo tuliomba hii picha."

"Njo maana nimeileta."

"Basi turekebishie."

"Ndefu ao pana?"

"Mulefu!" kwa huku. "Mupana!" kwa kule. Walisema pamoja, wakatazamana.

"Muke huyu ni wa wapi?" aliuliza kiongozi wa kora. "Ni nani?"

"Ni Mama Furaha."

"Mama Furaha wa wapi?"

"Wa Furaha."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Papa Prezida akasema basi, kama sikubali, picha itafunikwa kitambaa usoni mpaka wakubwa wa parokia waamue.

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Pengine ni zile dawa za Kalembe. "Mukiifunika, ninairudisha Kirotshe leo, na mvua yote ile. Nimetoka kitandani mwangu, nimesukuma moto kwa matope mpaka ku shingo, nimekunywa majani ya kutapisha. Sikufanya hayo yote nikuje kumukata mama ya batoto yangu pua. Mulikimbia, mukarudi, mukaomba picha ya bale banakimbia. Ni hii. Mukitaka pua ingine, sawa. Mukae pamoja, ku benchi moja, mukubaliane pua moja: urefu yake, upana yake. Mukikubaliana nyote, bila hata mumoja kukataa, muniambie. Nitapaka."

Halafu, kwa sababu sisi ni watu wa mikutano na hakuna kitu tusichoweza kukiundia kamati, wakaunda kamati. Watatu wa upande huu, watatu wa upande ule. Shukuru aliiita Kamati ya Pua tangu dakika ya kwanza, na jina likashika.

Kamati iliketi palepale, mbele yangu, benchi moja, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Walihitaji mfano. Kiongozi wa kora akasema pua njema ni kama ya marehemu mama yake. Marehemu hakuwa na picha. Papa Prezida akasema pua njema ni ya kiasi. Kiasi gani? Akaanza kuonyesha kwa vidole, akajishika pua yake mwenyewe ili awape kipimo. Kiongozi wa kora akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Ee, Papa Prezida. Geuka kidogo."

Akageuka.

"Mungu wangu. Ni ileile."

"Yangu ilivunjika!" alisema mzee. "Nilianguka ku chukudu nikiwa kijana!"

Chukudu, kama kuna msomaji asiyeijua, ni baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na imevunja pua nyingi. Kapela yote ikacheka, hata wale wa benchi lake, hata yeye mwishoni, akijifunika kwa kofia. Lakini msidhani waliafikiana. Sivyo kabisa. Walibishana mpaka maharage ya katekista yakaiva, wakala pamoja kwa sababu hakuna aliyetaka kuondoka na kuwaachia wengine wapitishe pua yao. Kamati ikaahirishwa. Kesho yake ikaketi tena. Wakaahirisha tena.

Jumapili ikafika na uamuzi haujapatikana. Picha iko palepale ukutani, haijafunikwa, kwa kuwa kitambaa nacho kilihitaji kupitishwa na kamati. Katekista alifungua milango, na watu wakaja ambao hakuwaona tangu vita vya nyimbo za kora. Walikuja kuiona pua. Walijaza mabenchi bila kuchagua upande, maana mahali pazuri pa kuionea ni katikati, na katikati hakuna upande. Mwanamke mmoja aliyekuja kutoka mashambani, mtoto mgongoni, alisimama mbele ya picha wakati wengine wanaimba. Hakusema lolote juu ya pua. Aliinama kidogo kama Maria, mkono wake ukafanya kibuyu, akajaribu ule mkao, akatikisa kichwa.

"Shingo inamuuma huyu," alisema.

Nilipokuwa napanda moto kurudi, Papa Prezida alinishika mkono akaniambia nisijidanganye, jambo halijaisha, kamati bado inaketi, watafikia kipimo na nitaitwa nije na brashi zangu.

"Hakuna haraka," nilimwambia. "Mukimaliza, muniite. Niko nyumbani."